Mashine Iliyoitwa Susu

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika katika kituo cha kompyuta cha Mumbuni. Nyumba yetu ilipakana na ua wa kituo, kwa hiyo Mzee Bartholomew, mlinzi, aliniachia ufunguo na ufagio. Nilifagia, nikapangusa madirisha, kisha nikazifunua kompyuta leso zilizozikinga vumbi. Zilikuwa saba. Sita zilifanana. Ya saba ilikuwa kubwa, nzito na ya aina nyingine kabisa, nayo ilikaa peke yake kwenye kona ikikoroma kama mtu aliyeshiba. Tuliiita Susu, neno la Kikamba lenye maana ya bibi, kwa sababu ya uzee wake.

Naitwa Kamene. Mwanzoni mwa mwaka 2004 nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na nilikuwa na shauku moja tu moyoni: kumkomesha Dahabo.

Dahabo alikuwa binti wa Mzee Hirad, mfanyabiashara wa mifugo mjini Machakos. Tulikuwa sawa kwa umri na kwa ujuzi. Siku ya wazazi, mwezi wa nane uliotangulia, nilionyesha programu yangu ya kuhesabu magunia ya mavuno. Nilibonyeza, na kwenye kioo ikatokea sifuri. Nikabonyeza tena, sifuri. Dahabo akasema kwa sauti, "Kamene, kwani kwenu mlivuna sifuri?" Ukumbi mzima ukacheka. Mwaka huo mvua ilitukimbia. Kwetu tulivuna sifuri kweli, na mama yangu alikuwa ameketi mstari wa mbele na kitambaa chake kizuri cha kanisani.

Tangu siku hiyo wenzangu waliniita Sifuri. Niliitika, nikacheka nao, lakini nilimwekea Dahabo kinyongo. Nilijiambia kwamba siku yake inakuja, na ikifika, atajua hajui.

Ilifika mwezi wa kwanza. Mwalimu Mbinya, aliyetufundisha siku za Jumamosi, aliingia na bahasha mkononi. Zamani alikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda kimoja kule EPZ Athi River, na alikuwa mmoja wa watu wa nchi mbalimbali walioitunza Msasi bila malipo. Msasi ilikuwa programu ya kusaka makosa ndani ya programu nyingine. Ukiandika programu ikaharibika, Msasi iliisimamisha kwenye mstari unaoutaka, nawe ukachungulia ndani uone kosa liko wapi. Maandishi yake yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyarekebisha.

"Leo tunafanya usafi," Mwalimu aliniambia kabla wenzangu hawajafika. "Msasi ina faili za maelekezo kwa kila aina ya mashine, za kuieleza jinsi itakavyojengwa humo. Aina nyingine zimeshakufa, hakuna aliye nazo, lakini faili zake bado tunazibeba. Tukirekebisha jambo moja, inabidi tulirekebishe na huko. Wenzetu wanataka kuziondoa. Aina ya Susu wanadhani imebaki hapa kwetu tu, kwa hiyo wanatuuliza: bado inatumika?"

Akanipa karatasi ya orodha. "Kamene, uliza kila mmoja. Akitokea hata mtu mmoja anayeitumia, inabaki. Hakuna kuondoa kitu chenye mtu. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilielewa vizuri kuliko alivyodhani. Mwalimu alikuja Jumamosi tu. Mimi niliyekuwa pale kila siku nilijua kwamba saa kumi jioni, akitoka madrasa, Dahabo aliketi mbele ya Susu. Alikuwa akiandika programu ya kukumbuka tarehe za chanjo za mbuzi wa babake. Hakumwonyesha mtu. Alitaka kuizindua Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa pili, siku ya kuchagua programu moja itakayokwenda kwenye maonyesho Nairobi.

Wenzangu walipofika, nikapita meza kwa meza nikiuliza kwa sauti ya chini. Nilipofika kwa Dahabo, nilimruka. Nikaandika mbele ya Susu: hakuna anayeitumia.

"Umeuliza wote?" Mwalimu akaniuliza.

"Wote, Mwalimu."

Nilifuta mwenyewe faili tano za Susu, moja baada ya nyingine, na kila nilipobonyeza nilisikia ile sauti ikisema, kwani kwenu mlivuna sifuri? Kisha nikaondoa jina lake kwenye orodha kuu. Mashine ikaniuliza sababu, nikaijaza. Ikaniuliza jina, nikalijaza. Chini yangu Mwalimu akaongeza lake, maana ilikuwa sheria kwamba kazi ya mtu mmoja isomwe na mwingine, halafu akaibeba kwa diski hadi saiba, duka la intaneti karibu na soko, akawatumia wenzake.

Baada ya wiki nne Msasi mpya ikarudi. Dahabo hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amekwenda na babake Kithyoko kununua mbuzi. Mwalimu aliondoa Msasi ya zamani kwenye kila kompyuta, akaweka mpya. Susu ilipokataa, alisema, "Si kitu, haina mtu." Nikatazama chini ili asinione nikitabasamu.

Jumatatu saa kumi nilisimama nje ya dirisha na ufagio, nikijifanya nafagia kibaraza. Dahabo aliwasha Susu, akaiita Msasi. Kioo kikamjibu kwamba hakuna programu ya jina hilo. Akajaribu kuijenga upya. Kikamjibu kwamba aina hii ya mashine haijulikani. Alijaribu mara sita, nilihesabu. Programu yake ilikuwa na kosa la tarehe alilolisaka kwa siku nyingi, na bila Msasi asingelipata. Kompyuta nyingine zilikuwa na zamu, na zamu zote zilikuwa zimejaa hadi mwisho wa mwezi. Aliinamisha kichwa juu ya meza.

Sitawadanganya. Nilifurahi. Nilifagia kibaraza chote mara ya pili kwa raha niliyokuwa nayo.

Jumatano akanijia na karatasi mkononi. Msasi ilikuwa na kumbukumbu ya kila badiliko lililowahi kufanywa, na mtu yeyote aliweza kuisoma. Mimi nilijua ipo. Niliamini tu kwamba hakuna mtu mwenye kazi ya kusoma mambo kama hayo.

"Hii ni jina yako?" Dahabo akaniuliza.

"Ni yangu."

"Na kila siku saa kumi uko hapo nje na ufagio yako. Unaniona."

"Na wewe siku ya wazazi uliona mamangu ameketi pale mbele?" Nikapaza sauti. "Kwetu hatukuvuna kitu, Dahabo! Hata debe moja! Na ukacheka."

"Sikujua," Dahabo akasema. "Nilidhani ni mzaha tu." Akaikunja karatasi polepole. "Lakini sitamwambia Mwalimu. Jina yako imeandikwa. Wacha ikae hapo, watu wa kila nchi wasome."

Akaondoka. Huyu naye alijua kulipiza! Afadhali angenisemea, nichapwe, yaishe.

Alhamisi nikapata wazo. Niliifungua ile kumbukumbu nikafuta mstari wenye jina langu. Nilipohifadhi, mashine ikaurudisha mstari ule, kisha ikaongeza mpya: Kamene amefuta mstari mmoja. Nikakodoa macho. Sasa nilikuwa nimeandikwa mara mbili. Mbele ya jina langu kulikuwa na neno Sababu, na nafasi tupu ikiningoja niijaze. Nilikaa pale mpaka Mzee Bartholomew alipokuja na funguo, na sikuijaza.

Ijumaa nilimkuta mama uani akipukuchua mbaazi. Nikaketi karibu naye, nikamweleza yote tangu mwanzo.

"Mwaitu, nilifanya kwa ajili yako," nikamalizia.

Aliendelea kupukuchua. "Siku ile aliyechekwa ni mimi, na nilirudi nyumbani nikapika chakula kikalika. Nilikutuma unilipizie?"

"Hapana, mwaitu."

"Basi usiweke jina langu kwa hiyo maneno yako. Weka lako."

Jumamosi sikungoja Mwalimu aketi. Nilimwambia mbele ya wote, Dahabo akiwemo, kwamba nilimruka kwa makusudi na kwamba nilisema uongo. Hakuna aliyeniita Sifuri siku hiyo.

Mwalimu Mbinya aliifungua kumbukumbu. "Chini ya jina lako kuna jina gani?"

"Lako, Mwalimu."

"Nililiweka kwa sababu nilikuamini. Wenzangu nao wakafuta kwa sababu waliniamini mimi." Hakupaza sauti, na hilo lilinichoma zaidi. "Utarudisha kila ulichokitoa. Na atakayesoma kazi yako ni Dahabo. Asiporidhika, haipiti."

Nilifanya kazi saa nzima. Nakala za zamani zilikuwa zimehifadhiwa, ilinibidi tu kuzitafuta. Nikamwita Dahabo. Alisoma akiwa amekunja mikono.

"Faili zilikuwa tano. Hapa ni nne. Rudi."

Nikarudi, nikaitafuta ya tano. Akasoma tena.

"Orodha kuu haina Susu. Rudi."

Najua alikuwa akinilipizia, maana angeweza kuniambia yote mawili kwa pamoja. Lakini yote mawili yalikuwa kweli. Nikarudi, nikaandika jina la Susu mahali pake. Mara ya tatu alisoma kila mstari kwa kidole, akafika chini, akanigeukia.

"Na sababu? Umewacha wazi."

Ile nafasi tupu ilikuwa inaningoja tena. Nikaandika: "Niliondoa mashine hii kwa kusema uongo. Inatumika. Mtumiaji wake ni Dahabo Hirad." Kisha jina langu.

Dahabo aliyasoma maneno hayo mara mbili. Akaandika jina lake chini.

Susu ilikoroma dakika arobaini ikiijenga Msasi, nasi sote tukaizunguka. Ilipomaliza, Dahabo aliisimamisha programu yake kwenye mwezi wa pili na kuchungulia ndani. Aliuandikia mwezi huo siku ishirini na nane, na mwaka ule ulikuwa na ishirini na tisa. Kila chanjo iliyofuata ilikosea kwa siku moja! Alipiga meza kwa furaha, akarekebisha, na tarehe zote zikakaa sawa.

"Juu ya ile siku ya wazazi," akaniambia huku bado akitazama kioo, "nitakuja kwenu nimwambie mama yako pole. Mimi mwenyewe."

"Njoo," nikasema. "Tuko na mbaazi."

Mwalimu Mbinya alikuwa amesimama nyuma yetu. "Sikilizeni nyote," alisema. "Kamene alikuwa na uchungu wa haki. Angekuja kwangu siku ile ile, ningemkanya Dahabo mbele ya wote. Akaubeba miezi mitano, akaulipa kwa uongo, na uongo wake ukamgusa kila mtu aliyeamini neno lake. Mtu akikuumiza, mwambie. Na kazi utakayokabidhiwa, ifanye kwa ukweli hata kama inamfaa adui yako. Faili tumezirudisha kwa saa moja. Imani yangu kwake itachukua muda, na yeye anajua hivyo."

Nilijua. Nilirudisha imani hiyo kidogo kidogo, Jumamosi baada ya Jumamosi, na orodha iliyofuata nilipewa baada ya mwaka mzima.

Wiki moja baadaye programu ya Dahabo ilichaguliwa kwenda Nairobi. Nilipiga makofi, na mwanzoni yalikuwa makofi ya shingo upande. Mistari yangu mitatu bado imo katika kumbukumbu ya Msasi: wa uongo, wa kujaribu kuuficha, na wa kweli. Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha pale Mumbuni. Mwanafunzi mpya akija, humfungulia kumbukumbu hiyo na kumwambia aisome mwenyewe, kuanzia jina langu.