Bima Iliyoishia Shambani

Asubuhi za Septemba kijijini kwetu, karibu na mji wa Leskovac, zinafanana. Mtoto hunywa maziwa, hutunga pilipili nyekundu kwenye uzi mpaka vidole vimuwashe, ndipo aende shule. Mitungo hutundikwa ukutani ikauke, na nyumba isiyo na ukuta mwekundu husemwa kuwa ya wavivu.

Mwaka ule Grozda, msichana wa miaka kumi na miwili, alitunga kuliko wenzake wote. Baba yake, Radoje, alikuwa amemwahidi kwamba mavuno yakiuzwa vizuri, hatakwenda Ujerumani kujenga nyumba za watu. Yakiharibika, atakwenda. Lakini alikuwa amelipia bima ya mvua ya mawe, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi.

Ijumaa moja redio ilitangaza dhoruba. Radoje aliona bima ni bima, lakini mali huokolewa kwa mikono. Familia nzima ikachuma shamba lote, ikatunga, ikatundika. Kwa jirani yao Tihomir, aliyekuwa na bima kama hiyo, hakuna aliyenyanyua hata kikapu. Grozda alimkuta Miloje, mtoto wa Tihomir, amekaa kizingitini anakula tikiti.

"Baridi ikija mtakula nini? Mbegu?"

"Tutakuja kula kwenu," Miloje akajibu huku akicheka.

Kesho yake mvua ikaja na mawe makubwa kama mayai ya njiwa. Yalipasua pilipili ukutani, upepo ukakata nyuzi, mali yote ikalala matopeni. Za Tihomir nazo zilipondeka shambani.

Zorica, wakala wa bima, alikuja kukagua. Tihomir aliahidiwa fidia, ukiondoa ile sehemu ndogo ya hasara ambayo kila mwenye bima huibeba mwenyewe. Kwa Radoje, Zorica aliinama akaokota uzi uliokatika matopeni.

"Kaka Radoje, bima yako ni ya zao lililoko shambani. Likishachumwa, kinga imekwisha."

"Mvua ni ile ile, Zorica."

"Ni ile ile. Ila mavuno yaliyochumwa yana kinga yake ya nyongeza. Unaongeza kidogo tu kwenye ada. Ungeuliza, ningekueleza."

"Na wewe ulishindwa kusema mpaka uulizwe?" mama yake Grozda akasema.

Grozda alilia kwa hasira. Waliokaa walilipwa, waliotoka jasho walibaki mikono mitupu. Hiyo ilikuwa haki gani? Alimchukia Miloje, akachukia na kila pilipili aliyoichuma kwa haraka.

Mama alilipia kinga ya nyongeza kwa mwaka uliofuata, lakini kwanza alimkalisha Zorica mezani aeleze kila neno: bima inalipa nini, inaanza lini, na nini kimeachwa nje. Tatizo likawa limetatuliwa, kwa mavuno ambayo hayajapandwa.

Siku ya safari, kwenye kituo cha basi, Grozda alimuuliza baba yake kama ingekuwa heri wangelala tu kama akina Tihomir.

"Hapana, mwanangu. Tihomir naye hakujua masharti hayo, ni bahati tu. Kazi tulifanya vizuri. Kosa langu ni kununua kitu nisichokielewa. Ukikata bima, usiulize inalipa nini tu. Uliza na inaishia wapi."

Akambusu kwenye paji la uso, akapanda basi la Ujerumani.