Korongo Ambalo Hakuna Aliyelichimba

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi, Peris hakuanza kwa kukama ng'ombe. Alikimbia kwanza nyuma ya nyumba kuangalia kaburi la mumewe.

Wekoye alizikwa pale nyumbani kwake Kabuchai, kama ilivyo desturi. Wakati ule korongo la maji ya mvua lilikuwa mbali. Sasa maji yalikuwa yamekula udongo tena. Kati ya kaburi na korongo palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Haki ya Mungu, hutakwenda na maji!" Peris alisema kwa sauti. Machozi yalimtoka, lakini hakukaa chini kulia. Alipanda moja kwa moja hadi kwa Wangila, jirani wa juu.

"Baba Emmy, maji yako yanamchukua mume wangu!"

"Maji yangu? Shemeji, mimi nilichimba kamtaro kadogo tu, mahindi yasioze. Maji yanatoka kwa Mama Viola kule juu."

Peris akapanda hadi kwa Mama Viola, naye akaruka. "Ati mimi? Si kila mtu ako na mtaro? Maji ikija, unaipeleka mbele. Wewe ungefanya nini, bana?"

Peris akarudi na hasira. Akaziba korongo kwa magunia ya udongo, mpakani na Wangila. Mvua iliyofuata, maji yakakwama kwenye magunia, yakarudi nyuma na kulala kwenye maharagwe ya Wangila. Ugomvi ukawa mkubwa kuliko korongo lenyewe.

Ndipo Peris akamwita Jepkoech, afisa wa kilimo aliyewahi kufanya kazi Kitale.  Jepkoech aliwatembeza wote watatu kutoka chini hadi juu.

"Nani alichimba korongo hili?" aliuliza.

 Kila mmoja alisema si yeye.

"Ni kweli, hakuna. Kila mmoja alichimba mtaro mdogo wa kuteremsha maji, na kwake ulikuwa na maana. Lakini mitaro ikishikana, maji yanapata mbio na nguvu ambayo haimo katika mtaro wowote. Mteremko huu ni mfumo. Mfumo ni vitu vingi vinavyogusana, mpaka vikazaa jambo jipya. Kwaya yenu kanisani, nani anaimba wimbo wote?"

"Hakuna," Mama Viola alijibu. "Mimi ni sauti ya pili tu."

"Lakini wimbo unasikika. Na korongo ni hivyo hivyo. Ukimtafuta mkosaji mmoja, hutampata. Badilisheni jinsi mashamba yanavyopeana maji."

Aliwaonyesha namna ya kuchimba mtaro unaokingama mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu, na nyasi za ng'ombe kupandwa juu ya tuta. Maji yasimame, yazame pale pale.

"Basi Mama Kevin aanze," Wangila alisema, akimwonyesha Peris. "Shida ni yake."

"Akianza chini peke yake, maji ya juu yatavunja kila kitu."

Peris alifunga leso kiunoni. "Basi tunaanza juu."

Kesho yake alfajiri, Mama Viola alimkuta Peris katika shamba lake, jembe mkononi, jasho likimtiririka.

"Mama Kevin! Unanichimbia mimi?"

"Sikuchimbii wewe. Ninamlinda Wekoye."

Mama Viola aliona aibu. Akachukua jembe lake. Kufikia jioni Wangila naye alikuwa hapo, akinung'unika kuhusu mgongo wake na kuchimba zaidi ya wote. Walipomaliza juu wakahamia kwake, kisha kwa Peris.

Mvua kubwa ikaja. Peris alisimama nje na mwavuli, akitazama mteremko. Kwa Mama Viola maji yalisimama nyuma ya tuta, yakazama. Kwa Wangila vilevile. Jua lilipokuja kuwaka baadaye, mahindi yao hayakunyauka, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Lakini siku ile ya mvua Peris hakuwaza mahindi. Katika korongo palipita maji membamba, hayakugusa ukingo. Akainama, akaweka mkono juu ya kaburi lililolowa.

"Lala tu, Baba Kevin," alisema. "Watu wote wa mteremko huu wamekushikilia."