Picha za Nywele

Rafiki yangu kinyozi, tunayemwita Mkasi, si mtu wa kutunga maneno, na haya aliniambia kwa kinywa chake. Alijiwekea nadhiri kwamba mwaka mzima, kila siku, atatengeneza kipicha kimoja kwa nywele za wateja. Alizifagia sakafuni, akazibandika kwa gundi juu ya karatasi ngumu: paka, kikombe, sikio la mtu. Mwaka ulipotimia, sanduku alimozihifadhi picha hizo stoo nyumbani kwake lilikuwa limejaa.

"Baba watoto," mkewe alimwambia asubuhi moja, "sanduku lako linanuka kama kichwa cha mgonjwa. Ama litoke stoo leo, ama nitoke mimi."

Mkasi akacheka, akaenda kulichukua. Stoo ile haina dirisha, na taa yake ilikuwa imeungua. Alipoinama gizani alisikia kwaru, kwaru, kama kucha zinazokuna upele. Akadhani ni panya. Alipotia mkono sandukuni, vidole vilizama katika nywele ndefu, zilizolowa jasho, zimejaa mba.

Akachomoa picha ya paka, akakimbilia nayo mlangoni penye mwanga. Nywele alizozibandika zikiwa fupi sasa zilikuwa zimerefuka, zikimning'inia hadi kiwikoni.

"Umelipata?" mkewe aliita kutoka jikoni.

"Uchafu wa saluni tu huu!" alijibu. Akanyofoa unywele mmoja ili akamwonyeshe.

Ulitoka kwa shida, pamoja na mzizi wake mweupe, wenye unyevu. Pale ulipotoka, karatasi ilijikunja kama ngozi iliyoumia, na tone la damu likachomoza, lingali la moto.