Bakuli Lililorudi Limejaa

Asubuhi ya soko, ukungu wa mto Lualaba ulikuwa bado umeufunika mji wa Kasongo, na watu walipita ndani yake nusu nusu: mama wa samaki anaonekana kichwa, mzee wa kanzu anaonekana miguu. Mwamvita aliketi kizingitini pa duka la nguo, kofia alizozishona zimepangwa juu ya mkeka, kanga ya Ujiji imemkaa mabegani, akijiuliza kama yuko macho au bado amelala ndani ya meli.

Alikuwa mgeni wa majuzi, mabinti zangu. Alitoka Ujiji, upande wa Waingereza, akavuka ziwa peke yake, akapanda kamio, lile lori la mizigo, mpaka Kabambare, na kutoka Kabambare mpaka hapa, kwa kuwa shangazi yake alimwita aje wakae pamoja. Alipofika, shangazi amekwisha kuzikwa. Majirani walimfungulia nyumba, wakamwonyesha kisima, wakampa pole, kila mtu akarudi kwake. Kurudi Ujiji aliona haya. Basi akabaki, msichana peke yake katika mji wa watu, tena wakati ule wa Wabeleji, ambapo mwanamke asiye na mume wala ndugu nyumbani alitazamwa na polisi kama mwizi.

"Hizi kofia ni za watoto?"

Akainua macho. Kijana mrefu, kaputula ya kaki, udongo mwekundu mpaka magotini. Amejaribu kofia, nayo imemkaa utosini kama kizibo cha chupa.

"Kofia ni za watu," Mwamvita akajibu. "Labda kichwa chako ndicho cha tembo."

Wauza chumvi wakacheka. Kijana naye akacheka, meno yote nje.

"Eh! Anasema kama anasoma hutuba. Unatoka wapi weye?"

"Ujiji."

"Ndiyo maana! Mutu wa ziwa. Bon, mutu wa ziwa, pima basi hiki kichwa cha tembo."

Mwamvita akachomoa uzi, akauzungusha kwenye kichwa kile. Kidole chake kikagusa sikio la mtu, likiwa na joto la jua, na kwa kitambo kidogo soko lote likawa mbali, kama kelele za ng'ambo ya maji. Akafunga fundo penye kipimo, akaufunga uzi ule mkononi mwake usipotee.

Kijana aliitwa Zuberi. Alikuwa fundi wa kujenga, mtoto wa Mama Amisa wa nyuma ya musikiti. Kofia yake ilichukua siku nyingi kuliko kofia zote alizowahi kushona Mwamvita, na kila jioni mwenyewe alisimama nje ya ua, hapiti ndani, adabu yake.

"Imeisha?"

"Bado."

"Kichwa kinasikia baridi."

"Kifunge kitambaa."

"Mutu wa ziwa, weye unashona na uzi ao na usingizi?"

"Nashona na matope uliyoniletea mlangoni, fundi matope!"

Kwa mazungumzo hayo ya uani, mji ukaanza kufunguka. Zuberi alimwambia kisima gani kina maji matamu, mama gani hachanganyi mawese yake, njia gani yenye kivuli ya kwenda mtoni. Mwamvita alilala akisikia sauti ile, akaota nyumba yenye matofali mapya na dirisha lenye kutazama Lualaba, ambayo usingizini ilikuwa pana kama ziwa la kwao. Jambo moja tu Zuberi hakumfundisha, kwa sababu alidhani dunia nzima inalijua.

Ramazani ikaingia. Jioni moja Mama Amisa akaja mwenyewe, amevaa kikwembe cha kijani, amebeba bakuli jeupe la bati lenye ua jekundu ubavuni. Ndani, wali na kuku.

"Futari yako, mwanangu."

"Aksanti sana, mama. Karibu ndani."

"Hapana, ninarudi."

Lakini hakurudi mara moja. Alimtazama msichana, akatazama nyumba, akatabasamu kidogo, ndipo akaenda.

Kesho yake Mwamvita alisugua bakuli lile kwa majivu mpaka likang'aa. Kwao Ujiji chombo cha mtu hakirudi kitupu, ni ufidhuli. Akakanda unga, akatia iliki aliyokuja nayo kutoka kwao, ile ya mwisho kabisa, akachoma maandazi, akayapanga moja moja kama anapanga moyo wake. Akalipeleka mwenyewe kwa furaha.

Mama Amisa akafunua, akaona, akafunika.

"Sawa, mwanangu. Tumeona."

Mlango ukafungwa taratibu.

Jioni ile hakuna aliyesimama nje ya ua. Wala ya pili. Idi ikapita bila yeye. Watu wakasema Zuberi amekwenda Kabambare, kuna nyumba za serikali zinajengwa kule.

Simu ya watu kama sisi haikuwapo. Simu ya Kasongo na Kabambare ilikuwa Sumaili, shofere wa kamio, mwenye kupeleka maneno ya watu bila kuyapunguza.

"Sumaili, kaka yangu, mwambie Zuberi kofia yake imeisha."

Sumaili akaenda, akarudi.

"Anasema kichwa chake hakisikii baridi tena."

"Amesema hivyo tu?"

"Amesema hivyo, akageuka. Lakini dada, macho yake..."

"Macho yake nini?"

"Mimi ni shofere. Kazi yangu barabara, si macho."

Mvua zikaja. Usiku zilipiga juu ya nyasi za paa, na Mwamvita alisikia mawimbi ya Ujiji. Mchana alishona kofia za vichwa vya watu wengine. Alitamani kwenda kwa Mama Amisa kuuliza, "Nimekosa nini?" Akafika mpaka kona ya musikiti, akarudi. Alisema moyoni: mimi mgeni, wakinifukuza nitaweka wapi uso? Hapo ndipo alipokosa kweli, mabinti zangu, wala si kwenye maandazi.

Siku moja alikuwa anatwanga na jirani yake, Hawa, mwanamke wa maneno mengi asiye na ubaya.

"Lakini weye uko na roho nguvu," Hawa akasema. "Mutoto muzuri vile, unamukataa!"

Mchi ukasimama hewani. "Nani nimemkataa?"

"Zuberi! Mama yake hakukuletea bakuli?"

"Aliniletea futari. Nikairudisha na maandazi, kwa heshima."

Hawa akashika kinywa. "Mama yangu weee! Hapa kwetu, bakuli ya mama wa kijana ukitaka, unakula, unaifungia ndani ya nyumba, mpaka watu wao waje kuifuata. Kuifuata ndiyo posa yenyewe. Ukirudisha imejaa, umesema: musirudi tena."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Haisemwagi, dada. Ikisemwa, musichana atapata haya ya kukataa."

Mwamvita alikaa chini kwenye pumba. Hawa akateremsha sauti.

"Na leo nimeona Mama Amisa anapika toka alfajiri. Bakuli inakwenda Wamaza, njia ya Kabambare, kwa musichana mumoja anaitwa Safi. Sumaili ndiye anaibeba."

"Saa hii?"

"Kamio iko inapakia chumvi sokoni."

Hawa hakumaliza. Mwamvita alishafika njiani, miguu mitupu, pumba magotini, kanga inamfuata nyuma. Alipita katikati ya vikapu na baiskeli, watu wakimkwepa. Kamio lilikuwa linanguruma. Sumaili ameketi, bakuli lenye ua jekundu liko mapajani mwake, limefungwa kwa kitambaa.

"Nipe hiyo."

"Dada, hii ni ya Wamaza!"

"Ilikuwa yangu kwanza."

Akalichukua, akafungua, akaketi palepale karibu na gurudumu, akanawa kwa maji ya mama wa samaki, akaanza kula. Akala wali, akala kuku. Soko likamzunguka. Mtu akauliza kama ni njaa, mwingine kama ni wazimu. Mwamvita alikula, machozi yanaingia kinywani pamoja na wali, hakusimama.

Watu wakapisha njia. Mama Amisa alikuwa amesimama mbele yake.

"Umekula wali wangu?"

"Karibu wote, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mara ile nilikula peke yangu, sikuelewa. Kwetu chombo kinarudi kimejaa, mama. Nilikuwa ninasema aksanti."

Mama Amisa alitazama pumba, machozi, bakuli. Mdomo wake ukaanza kuchezacheza.

"Na chumvi je?"

"Imepungua kidogo."

"Eh! Mutu wa ziwa!" Akajipiga mapaja, akacheka mpaka akashika gurudumu. "Sumaili, unangojea nini? Kwenda! Ambia mutoto wangu chakula kimeliwa."

"Na bakuli?"

"Bakuli liko kwangu," Mwamvita akasema, amelikumbatia.

Sisemi mufanye hivyo, mabinti zangu. Mama Amisa alikuwa mwenye kucheka, na bakuli lilikuwa halijafika Wamaza. Mwingine angemfukuza, na msichana wa Wamaza angelia bure. Ninasema hivi: ukiingia mji wa watu, tafuta mama mmoja, uliza kabla hujarudisha hata kijiko. Haya ya kuuliza inapita. Miezi ile ya mvua waliyolia wawili hawa, kila mmoja upande wake, haikurudishwa na mtu.

Sumaili aliporudi kutoka Kabambare, hakuwa peke yake. Jioni ile ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka mtoni, na Mwamvita akasikia kikohozi nje ya ua, mahali palepale. Safari hii kulikuwa na viatu vingi, na mwenye kukohoa akapita ndani. Udongo mwekundu mpaka magotini.

"Tumefuata bakuli yetu," Zuberi akasema.

Mwamvita akalitoa chini ya kitanda, jeupe, limesuguliwa. Aliona haya kulitoa hivyo, mikono ilitaka kutia kitu ndani.

"Liko tupu," akanong'ona.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Zuberi akalipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kile cha tembo, naye Mwamvita akamvika kofia yake.