Viti Mia Tatu Uwanjani

Haya watoto, sogeeni karibu, niwasimulie vituko vya watu wazima. Kucheka ruksa.

Kulikuwa na mtoto, jina lake Tusajigwe. Nyumbani walimwita Tusa. Alikuwa na miaka sita, akiishi Tukuyu na bibi yake.

Tusa alipenda kukimbia. Miguu yake haikujua kutulia. Pata pata pata, asubuhi. Pata pata pata, jioni.

Lakini akimbilie wapi? Barabarani kuna malori. Shambani kuna migomba ya Bibi, na Bibi hataki mchezo na migomba yake.

Uwanja wa mpira ulikuwepo. Mkubwa, wenye nyasi laini. Ila ulizungushiwa kamba. Ulikuwa wa wachezaji kumi na mmoja tu. Wengine wote kazi yao kupiga makofi.

Siku moja gari la matangazo likapita. "Jumamosi ni Siku ya Michezo kwa Wote. Wakubwa, wadogo, njooni uwanjani."

"Bibi, hao wote ni pamoja na mimi?" akauliza Tusa.

"Wote ni wote," akasema Bibi. "Hata mimi na goti langu hili."

Tusa akahesabu siku. Ijumaa iligoma kabisa kuisha.

Jumamosi ikafika. Tusa mbele, Bibi nyuma. Kamba imeondolewa. Lakini jamani, uwanja uko wapi?

Uwanja umejaa viti. Viti vya plastiki, mia tatu. Viti golini. Viti katikati. Viti hadi kwenye kona. Hata kuku asingepata pa kupita.

Hiyo ilikuwa kazi ya Mzee Mwaisumo, mwenyekiti wa kamati ya michezo. Yeye na kamati yake walifanya vikao saba. Wakajadili viti. Wakajadili turubai. Wakajadili nani akae karibu na mgeni rasmi. Habari ya kukimbia haikumjia hata mmoja. Watu wazima hao, na akili zao.

Mzee mwenyewe alikaa mbele, kwenye kochi. Naam, kochi. Jekundu, na vitambaa juu yake. Kochi na uwanja wa mpira, wapi na wapi?

"Shikamoo, Babu," akasema Tusa.

"Marahaba. Kaa, mtoto, kaa. Leo ni michezo."

Tusa akakaa. Wakamsubiri mgeni rasmi. Wakasubiri saa nzima. Wakasubiri saa nyingine.

Miguu ya Tusa ikaning'inia. Ikaanza kuchezacheza. Pata pata.

"Kaa, mtoto, kaa," akasema Mzee Mwaisumo. "Leo ni michezo."

Mgeni rasmi akafika. Kamati ikasimama. Kamati ikakaa. Mzee Mwaisumo akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mazoezi ni afya. Kukaa sana ni hatari."

Aliyasema hayo akiwa amekaa. Watu wakapiga makofi, pa pa pa, nao wamekaa. Makubwa haya.

Tusa akanyoosha mkono. "Babu, tutakimbilia wapi?"

Mzee Mwaisumo akamtazama katibu. Katibu akatazama karatasi yake. Karatasi ilikuwa na orodha ya soda. Mgeni rasmi akatazama viatu vyake.

Vikao saba, watoto wangu. Saba.

 Machozi yakamlengalenga Tusa. "Mlisema wote," akasema. "Mimi nilitaka kukimbia."

Akashuka kwenye kiti. Akakibeba kichwani. Akaenda nacho hadi nje ya uwanja, akakiweka chini. Pu.

"Kaa, mtoto, kaa," akasema Mzee Mwaisumo.

"Hapana, Babu. Nimekaa vya kutosha."

Bibi akasimama. Goti likalia, ka. Akabeba kiti chake. Pu. Akasimama mama muuza chai. Pu. Akasimama fundi baiskeli. Pu. Wakasimama watoto wote. Pu, pu, pu.

Watu wakahema. Watu wakatoka jasho. Watu wakacheka. Kumbe mazoezi yameanza, na kamati haina habari.

Likabaki kochi, katikati ya nyasi.

"Mimi sisogei," akasema Mzee Mwaisumo. "Mimi ni mwenyekiti."

Sawa, baki hapo. Nani kakulazimisha?

Basi watu wakakimbia kulizunguka kochi. Pata pata pata. Wanene, wembamba, wazee, watoto, hata Bibi na goti lake. Tusa alikimbia hadi akasahau kuwa alilia.

Mvua ya Tukuyu nayo ikaja, kama kawaida yake. Tusa akalowa, akafurahi. Kochi likalowa, chapachapa. Kochi lililolowa halikaliki.

Mzee Mwaisumo akainuka. Akapandisha suruali. Akakimbia hatua tatu, kisha akaomba maji. Tusimcheke. Haya, tumcheke kidogo.

Jioni Bibi akamwosha Tusa miguu kwa maji ya moto. Akamfunika blanketi. Ile miguu ikatulia tuli.

"Bibi, kesho tutarudi?"

"Tutarudi. Watu wote wamesema uwanja haufungwi tena." Bibi akasugua goti lake. "Ila kesho ujitahidi, Tusa. Leo nilikuachia tu unipite."

Tusa hakumsikia. Alikuwa amelala fofofo.