Nyumba kwa Jina la Amira

Siku ya tatu baada ya kuhamia Nyahanga, Mwanaidi alikuta mkeka wake wa kuswalia umelowa tope, na chumba kinanuka baruti kama shimo la wachimbaji. Alikuwa amechoka hata kushangaa. Akaufua, akauanika.

Adhuhuri alimkuta bintiye Amira, mwenye miaka tisa, amelala kifudifudi, sikio sakafuni.

"Mama, kuna mtu anachimba huku chini. Ananijua jina."

Mwanaidi alimwita jirani, Mama Mageni.

"Hukutuuliza majirani kabla ya kununua?" Mama Mageni alinong'ona.

"Nilikuwa kwenye eda, dada. Kalisti aliniletea picha kwenye simu. Akasema, 'Pumzika mama, nitakutazamia kila kitu.'"

"Kalisti ni dalali wa muuzaji! Mtu wako wewe alikuwa nani?"

Aliyekuwa mtu wa Mwanaidi, mumewe, alikuwa kaburini.

Mama Mageni akamweleza. Muuzaji alichimba dhahabu chumbani humo. Jini alimwonyesha mwamba wa dhahabu, kwa ahadi kwamba baadaye jini atapewa mwenye nyumba, yule mwenye jina kwenye hati. Muuzaji alipokwisha kuvuna akafukia shimo, akamwaga saruji, akatafuta mnunuzi.

"Hati ina jina la Amira," Mwanaidi alisema polepole. "Kalisti alinishauri. Nyumba ya yatima iwe na jina la yatima."

Alimpigia Kalisti simu.

"Ulijua?"

"Mama, mimi nilitumwa na mwenye mali. Ningesemaje?"

Alasiri sheikh Muhidini alikuja, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sakafu ilivyogonga kwa chini, nyundo juu ya nyundo, harufu ya baruti ikajaa hadi wakakohoa, na Amira, macho ameyafumba, akaanza kukwaruza saruji kwa kucha huku akiitika sauti wasiyoisikia.

"Haondoki," sheikh alisema, jasho likimtiririka. "Anasema aliahidiwa mwenye nyumba."

"Nipe kalamu," Mwanaidi alisema, akiitoa hati.

"Mama Amira, usifanye hivyo."

"Nimeshazika mmoja mwaka huu, sheikh."

Alifuta jina la mtoto kwenye hati, akaandika lake, akatia dole gumba. Nyundo zikakoma. Amira akafumbua macho, akaomba maji.

"Tokeni, tokeni wote!" sheikh alihimiza.

Mama Mageni alimbeba mtoto hadi barabarani. Sheikh akafuata. Mwanaidi aliinua mguu kuvuka kizingiti, na mguu haukwenda. Akajaribu wa pili. Kisha akamwambia Mama Mageni, kwa sauti ya kawaida, mtoto hapendi uji wa moto sana, akavua viatu, akakaa chini.