Neno la Mwoka Mikate

Kila alasiri, Lynette aliposhuka basi la shule pale mtaa wa Al Muraqqabat, ughaibuni, alipitia kwa Mzee Behruz, mwoka mikate Mwajemi, kununua mikate ya moto. Siku hiyo alikuwa na swali pia.

"Mzee, neno 'tatu' mnalisemaje kwa lugha yenu?"

"Se," alijibu mzee, akibandua mkate ukutani mwa tanuri.

Lynette alinuna. Mwalimu Jalia alikuwa amewafundisha kwamba Kiajemi, Kirusi, Kinepali na Kiingereza vilitokana na lugha moja ya kale sana. Wasemaji wa lugha hiyo walikufa bila kuacha hata neno moja la maandishi, na wataalamu huiunda upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana nayo. Lynette na rafiki yake Ummi walipewa neno "tatu" walieleze mbele ya wazazi siku ya maonyesho ya shule. Warusi walisema tri, Wanepali tin, Waingereza three. Hiyo se haikufanana na hayo, ingewaharibia kazi yote! Basi Lynette akabuni lake.

"Kiajemi ni tre," alimwambia Ummi, naye Ummi, mwenye mwandiko mzuri, akaliandika ubaoni kwa wino mwekundu.

Baba yake Ummi alikuwa ameachishwa kazi, na wiki hiyo familia nzima ilikuwa inarudi Unguja. "Nataka baba'angu anione nikisema mbele za watu," Ummi alisema. "Siku hizi hacheki kabisa."

Siku ya maonyesho, Mzee Behruz alileta mikate ya wageni. Alipouona ubao, akatikisa kichwa.

"La, hili si neno letu. Nani kaandika?"

"Mwandiko ni wa Ummi," alisema Mwalimu Jalia kwa huzuni. "Ummi, umebuni neno? Basi, leo hutasema."

Ummi alimtazama Lynette. Lynette akainamisha uso. Baba yake Ummi akainuka, akamshika mwanawe mkono, wakatoka. Viatu vya baba huyo, alivyoving'arisha kwa ajili ya siku hiyo, vilisikika hadi mwisho wa ukumbi.

Hapo Lynette akaangua kilio. "Mwalimu, ni mimi! Yeye aliniamini tu!" Akakimbia mpaka langoni, akawakuta, akawaomba mbele ya walinzi na wapita njia warudi, bila kujali aibu.

Walirudi. Ummi alilifuta neno la uongo, akaandika se kama alivyotajiwa na Mzee Behruz, akaeleza kwa sauti iliyokwaruza. Baba yake alisikiliza, ila hakucheka. Ummi alipomaliza alikwenda kukaa mbali na Lynette.

Watu walipoondoka, Mwalimu Jalia alimwita Lynette. "Mwanangu, lile se ulilolitupa ndilo lenye thamani. Limetoka nyumba ile ile ya tri na three, limebadilika sura tu njiani. Ungeuliza, ningekuonyesha."

"Nilitaka yafanane, mwalimu."

"Wenye lugha ile wamekufa. Tukiwawekea maneno mdomoni, hawawezi kutukanusha, kwa hiyo kusema kweli juu yao ni juu yetu. Lakini Ummi yu hai, Lynette, na leo umemnyamazisha kama wao. Ubao tumeusahihisha. Ummi je?"

Lynette alichukua kitambaa, akaanza kufuta wino mwekundu wa neno la uongo uliobaki ubaoni, lakini haukutoka wote.